Mkanda Chini ya Kiti

Kazi ya Roshila asubuhi, kabla ya shule, ilikuwa kupokea trei za mikate. Mwokaji wa mji mdogo wa Seaqaqa alizitoa dirishani zikiwa bado za moto, Roshila akazibeba hadi kwenye gari, na mama yake, Sarojni, akazipanga nyuma moja juu ya nyingine. Walipomaliza, mama alijifuta unga mikononi, akavaa kofia ya marehemu baba na kuketi kwenye usukani. Roshila aliketi kando yake. Wakaanza kuzunguka maduka ya barabarani, mama akipiga honi mbili fupi na moja ndefu, vilevile alivyozoea kupiga baba.

Honi hiyo iliwatia watu baridi. Vimal, baba yake Roshila, alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Watu walipoiona kofia yake ikitokeza kwenye ukungu wa mashamba ya miwa, wengine walishika vifua. Bibi mmoja aliyenunua mikate kila siku alikataa kufungua mlango mpaka aliposikia sauti ya Sarojni mwenyewe ikimwita.

"Ni kweli baba yako bado anaendesha?" Litia alimuuliza siku moja shuleni wakati wa mapumziko. Litia alikuwa rafiki yake, binti wa fundi magari Waisea, na hakuwa mtu wa kuficha swali mdomoni.

"Anaendesha mama. Acha upuuzi."

"Si mimi, ni watoto wa kule mtoni. Wanasema wakati wa mvua unaona watu watatu mbele." Litia alimtazama. "Na wewe hebu ule. Uso wako siku hizi kama muhogo uliochemshwa mara mbili."

Roshila alicheka kidogo, lakini roti yake, chapati nyembamba ya nyumbani, aliirudisha kwenye kopo bila kuionja. Yeye pia aliwahi kuwaona watu watatu.

Lilikuwa gari la zamani, lililokuja kwa meli kutoka Japani likiwa tayari limetumika huko miaka mingi. Injini yake haikuwa mbele kama ya magari mengine, ilikuwa chini ya viti. Roshila alikuwa akikaa juu yake. Joto lake lilimpanda mapajani, na mngurumo wake ulimwingia mgongoni hadi kwenye meno. Kwenye mlio huo, tangu msiba, alikuwa akisikia maneno. Akiziba masikio, aliyasikia kwa mifupa. *Usimwambie mama. Usimwambie mama.*

Alijua kwamba injini haisemi. Lakini alijua pia kwamba maneno hayo yalikuwa ya baba, na kwamba baba aliyasema humohumo ndani ya gari.

Ilikuwa wakati wa likizo, mwaka uliopita. Mama alikuwa ameweka akiba ya dola mia sita kwa ajili ya kubadilisha mkanda wa taimingi, maana gari walilinunua bila kujua mkanda ule una umri gani. Baba alichukua fedha, akamchukua na Roshila, wakaenda mjini Labasa. Lakini hawakufika kwa fundi. Baba aliegesha mbele ya kliniki ya daktari, akakaa ndani muda mrefu sana, akapigwa picha za tumbo kwa mashine. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu.

"Mama akiuliza," alisema, akiwa ameshika usukani bila kuwasha gari, "sema tumeshinda kwa fundi. Usimwambie mama. Mkanda nitaufunga mwezi ujao. Umenielewa, mwanangu?"

Roshila aliitikia. Mwezi uliofuata baba alikuwa kitandani hospitalini. Mama alipomuuliza kama ana wasiwasi wowote kuhusu gari, alisema, "Mkanda ni mpya. Gari halitakusumbua." Siku chache baadaye akafariki.

Mama aliyashika maneno yale kama mtu aliyeachiwa urithi. Kila mteja aliyeuliza habari za gari aliambiwa. "Vimal alilitengeneza kabla hajaondoka. Alijua tutalihitaji." Picha ya baba ukutani nyumbani ilivalishwa shada jipya la maua, na mama, akiwasha udi mbele yake, alimshukuru kwa mkanda. Roshila alisimama nyuma yake akitazama miguu yake mwenyewe. Picha ile, alihisi, ilikuwa inamtazama yeye peke yake.

Alhamisi moja walilipeleka gari kwa fundi Waisea kubadilisha oili. Keshokutwa yake mama alikuwa na safari kubwa. Kanisa moja upande wa pili wa mlima, kuelekea mji wa Savusavu, lilikuwa na harusi, na walikuwa wameagiza mikate mingi kuliko yote ambayo mama alikuwa amewahi kupakia. Tangu msiba alikuwa hajavuka mlima.

Waisea, mtu mnene mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliinua viti vya mbele akachungulia ndani. Alikaa hapo muda, kisha akapitisha kidole kwenye kifuniko cha plastiki.

"Shemeji," alisema polepole, "huu mkanda wa taimingi, marehemu alibadilishia wapi?"

"Labasa."

"Kwa nani?"

"Sijui jina lake. Kwa nini?"

"Skrubu za kifuniko zina kutu na vumbi la zamani. Ni kama hazijaguswa. Pengine nifungue tu nitazame. Sitakutoza kitu."

Sarojni aliweka mikono kiunoni. "Unasema Vimal alinidanganya?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Alilala pale kitandani, hana hata nguvu ya kumeza maji, akaniambia mkanda ni mpya. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia yenye maana. Usiguse hapo, Waisea. Badilisha oili."

Waisea alikuwa rafiki wa Vimal tangu utotoni na hakutaka kumwongezea mjane uchungu. Akarudisha viti.

Mama alipokwenda kuongea na mke wa Waisea, Roshila alimfuata fundi kwenye meza ya spana.

"Mjomba, huo mkanda unafanya nini?"

"Unaunganisha sehemu mbili za injini ili ziende pamoja. Chini kuna pistoni, zinapanda na kushuka. Juu kuna valvu, zinafunguka na kufunga. Moja ikipanda, nyingine lazima iwe imeshaondoka. Mkanda ndio unaozipangia zamu. Ni mpira tu wenye meno, lakini ukikatika, zinagongana."

"Unabadilishwa baada ya muda gani?"

"Kila gari lina kitabu chake. Mengi ni karibu kilomita laki moja, au miaka kadhaa, chochote kitakachotangulia. Watu husahau hiyo miaka. Wanasema, mimi siendi mbali. Mpira unazeeka hata gari likilala. Na gari la mtumba ukilinunua hujui historia yake, hesabu kwamba mkanda umekwisha, weka mwingine."

"Utapiga kelele kwanza? Ukikaribia kukatika?"

Waisea alimgeukia. "Hapana. Hiyo ndiyo mbaya yake. Breki zinalia, betri inachoka unaona. Huu unakimbia vizuri leo, kesho unakimbia vizuri, halafu kimya. Kuubadilisha pamoja na rola yake na pampu ya maji ni dola mia sita hivi. Ukikatika, injini peke yake si chini ya elfu nne. Na ukikatikia kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito kama jiwe, breki ukizikanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu. Mlimani pale..." Aliacha. "Kwa nini unaniuliza, binti?"

Roshila alifungua mdomo. Chini ya paa la bati la gereji palikuwa kimya, lakini yale maneno aliyasikia bado, bila injini yoyote kunguruma.

"Ni kwa ajili ya shule," alisema.

Waisea aliendelea kumtazama, mpaka mama alipoita.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Roshila alisema tumbo linamuuma, wasiende. Mama akamwekea mkono kwenye paji la uso, akasema hana homa, kuna harusi ya watu inayongoja mikate. "Na barabara ya mlimani sitaki kwenda peke yangu," aliongeza kwa sauti ndogo. "Baba yako ndiye aliyekuwa akinipitisha."

Walipanda. Mashamba ya miwa yaliisha, misonobari ikaanza, mirefu, imesimama kando ya barabara kama watu wanaongoja kitu. Ukungu ulishuka. Mama aliwasha taa, akaegemea mbele, pua karibu na kioo. Waipa za kufutia kioo zilikwenda na kurudi. Chini ya kiti injini ilinguruma kwa nguvu, ikivuta mzigo wa mikate kwenda juu. Joto lilizidi na maneno yakazidi. Roshila alipotazama kioo kidogo cha katikati, akaona kofia, na chini ya kofia kivuli, na kwa muda hakuweza kujua kivuli kile ni cha nani.

"Baba," alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Hakuna."

Alijaribu kufikiria kwamba labda baba alikwenda kwa fundi siku nyingine, peke yake. Alijaribu kwa bidii. Lakini kwenye kumbukumbu zake zote za baada ya siku ile baba alikuwa akibeba mikate, kisha kitandani hospitalini. Alifikiria mama akikanyaga breki ngumu. Alifikiria trei za mikate zikiwajia kutoka nyuma.

Walifika juu kabisa, mahali pana ambapo mabasi husimama kupumzisha injini. Kuanzia hapo barabara inateremka kwa kona upande wa pili. Mama alibadilisha gia.

"Simama!" Roshila alipiga kelele. "Mama, simama! Simama!"

Mama alikanyaga breki, gari likaserereka kidogo kwenye changarawe na kusimama. "Nini? Kuna mtu barabarani?"

"Zima gari."

"Roshila, umenitoa roho! Nini?"

"Baba hakubadilisha mkanda."

Waipa zilikwenda na kurudi. Mama hakuzima gari. "Umesikia maneno ya Waisea."

"Hapana. Nilikuwepo. Siku ile Labasa hatukwenda kwa fundi. Tulikwenda kwa daktari. Alilipa ile fedha kwa daktari, akapigwa picha za tumbo. Akasema nisikwambie. Akasema ataufunga mwezi ujao, halafu akaumwa, halafu..." Aliziba masikio. "Aliniambia nisikwambie, mama. Mpaka leo ananiambia."

Mama alizima gari. Kisha Sarojni alifungua mlango, akatoka kwenye mvua, akatembea mpaka ukungu ukamfanya kuwa umbo tu la kijivu. Roshila alimwona ameinama, mikono imeshika magoti. Alisikia sauti aliyokuwa hajaisikia hata siku ya mazishi.

Aliporudi alikuwa amelowa hadi kwenye ngozi. Alifungua mlango wa upande wa Roshila.

"Likizo ile," alisema. "Kabla ya kulazwa. Alikuwa anajua?"

"Ndiyo."

"Akaendelea kubeba mikate. Akaendelea kunitania kuhusu chumvi yangu kwenye mchuzi wa dali." Alifunika uso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua baba amesema uongo. Na ulikuwa unamshukuru kila siku. Mimi ningekuwa nimemharibu."

Mama alimtazama mtoto wake kama anayemwona baada ya muda mrefu: mashavu yaliyonyong'onyea. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alimtoa kwenye kile kiti chenye joto, akamshusha chini, akamkumbatia palepale mvuani.

Baadaye alichukua simu. Pale juu mtandao ulikuwepo. Aliwapigia watu wa harusi, nao wakasema wataleta gari lao kupokea mikate, wasiwe na shaka. Kisha akampigia Waisea.

"Shemeji, niko juu mlimani," alisema. "Nimesimama. Njoo ufungue."

Waisea alifika akiwa amepewa lifti na lori la magogo, sanduku la vifaa mapajani. Wakati huo mikate ilikuwa imeshahamishwa kwenye gari la kanisa, na vijana wa harusi walikuwa wameshateremka wakiimba. Fundi hakuuliza kitu. Aliinua viti, akahangaika na zile skrubu zenye kutu, moja ikagoma mpaka akaigonga. Kifuniko kilipotoka aliangaza kwa tochi, akaita, "Sarojni. Njoo uone mwenyewe."

Mkanda ulikuwa umekauka. Mgongoni ulikuwa na nyufa kama ardhi ya kiangazi, ubavuni nyuzi zilikuwa zimechomoza, na mahali pamoja pale ambapo palipaswa kuwa na meno palikuwa laini.

"Huu," Waisea alisema, "sijui ulikuwa unashikilia nini."

"Ungetufikisha chini?"

"Labda. Labda ungekufikisha hata Savusavu na kukurudisha. Labda ungekatika kona ya kwanza. Hakuna anayeweza kukwambia, shemeji. Ndiyo maana tunaubadilisha kabla."

Sarojni aliugusa kwa ncha ya kidole, akautoa mkono upesi.

Lori la magogo liliwarudisha Seaqaqa, gari likivutwa nyuma taratibu. Fedha ya mikate ya harusi karibu yote iliishia kwenye mkanda mpya, rola na pampu ya maji. Jumatatu baada ya shule Roshila alikwenda gereji, akamkuta Waisea akiuvisha mkanda. Litia alimshikia taa, na fundi aliizungusha injini kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili, akihakikisha alama za juu na za chini zimekutana.

"Njoo utazame, siyo kusimama huko kama mgeni," Litia alisema. "Baba, mwonyeshe."

Waisea alimwonyesha. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Siku ile uliponiuliza nilijua si ya shule. Nilipaswa kukaa chini nikungoje useme. Nami nilikosea."

Mama alikuwa ameketi nje, juu ya tairi la zamani. Alimwita Roshila akamkalisha karibu. Jua la alasiri lilikuwa limekausha uwanja.

"Nimefikiri siku mbili," alisema. "Nimemkasirikia, nimemlilia, nimemkasirikia tena. Baba yako hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Alitaka kutuficha ugonjwa wake tusiogope, akaficha na kitu ambacho kingetuua. Na mzigo wake mzito kuliko yote akampa mtoto aubebe." Alimshika mkono. "Sikiliza, Roshila. Mtu mzima akikwambia ufiche jambo, na ukaona jambo hilo linaweza kumwumiza mtu, usilifiche. Hata mtu huyo akiwa unayempenda, hata akiwa amekufa. Hata nikiwa mimi. Mwambie yeyote atakayesikiliza. Na asiposikiliza, mwambie mwingine. Hujamharibu baba yako. Umenipa nafasi ya kumjua alivyokuwa."

Roshila aliitikia kwa kichwa. Ndani ya gereji Waisea aliwasha injini. Ilishika mara moja, ikanguruma sawasawa. Roshila alikaza mwili akisubiri. Alisikiliza muda mrefu. Ilikuwa ni injini tu, basi.

"Sasa niambie siku ile," mama alisema. "Yote. Mlipotoka kwa daktari mlikwenda wapi?"

"Sokoni. Alininunulia nanasi."

"Yeye alikula?"

"Alikula lake, kubwa kuliko langu. Lilimchuruzika kwenye shati, akasema mama atajua." Roshila alimwangalia kama ana ruhusa ya kuendelea. "Halafu redio ikapiga wimbo wa harusi, akaimba njia nzima hadi nyumbani. Aliimba vibaya."

Mama aliangua kicheko, machozi yakiwa yanamtoka.

"Wimbo gani?" alisema. "Niimbie."

Roshila akaimba.